Malalamiko Dhidi ya Mbegu Arobaini za Maboga

Ndugu Bwana Shamba wa Kata,

YAH: UDONGO KUKAIDI, MBOLEA KUSALITI NA MBEGU KUTOHUDHURIA

Taratibu za barua rasmi zinataka nianze kwa kukutakia afya njema. Nakutakia. Afya yangu mimi ni ya kuridhisha kuanzia kichwani hadi kiunoni. Kutoka hapo kwenda chini naomba tusiizungumzie, kwa kuwa siku kumi za kuinama zimenipa umbo la alama ya kuuliza, mimi ambaye kwa miaka thelathini na minne mliniita Mwalimu Nukta mkidhani sisikii.

Nakuandikia wewe kwa sababu mbili. Ya kwanza, wewe ndiye afisa wa kilimo wa kata hii, na ndiye uliyesimama ukumbini mwezi uliopita, na kipaza sauti kinachokoroma, ukatuambia kwamba mbolea za asili huufufua udongo uliochoka na kuzisaidia mbegu kuota. Ya pili, ulikuwa mwanafunzi wangu. Nakukumbuka vizuri: dawati la mwisho, karibu na dirisha, mwili ndani, macho nje. Katika ripoti yako ya darasa la sita niliandika kwa wino mwekundu: "Mbegu juu ya mwamba. Huyu hataota." Sikukumbushi kwa ubaya. Nataka tu ujue kwamba habari za kuota na kutoota si ngeni kwangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yetu amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mke wangu amekwenda kumsaidia kwa majuma sita. Ameniachia nyumba, paka asiyenitambua, na kopo la maziwa lenye mbegu arobaini za maboga. Mbegu hizo ni za marehemu mama mkwe wangu. Kila mwaka mke wangu huzipanda, huvuna, huchagua boga moja lililo bora, hukausha mbegu zake na kuzirudisha katika kopo lile lile, na tangu mama yake afariki hajaruka hata mwaka mmoja. Safari hii mazao yalioza kwa mvua, ndiyo maana zimebaki arobaini tu. Yeye alitaka ishirini zibaki kabatini. Alisimama mlangoni na kopo mkononi, gari likimsubiri nje, akinitazama kama mtu anayetaka kumkabidhi mlevi mtoto mchanga. Nikamwambia azikabidhi zote. Nilisema kwamba mtu aliyeotesha madaktari na mahakimu hawezi kushindwa na boga. Akaniachia zote. Hakuna nyingine popote.

Aliniachia pia maagizo, nyuma ya bahasha ya bili ya maji: "Changanya udongo na mboji yangu ya nyuma ya jiko. Panda. Funika. Mwagilia. Ondoka." Nilisahihisha maagizo hayo kama nilivyozoea. Neno la mwisho niliona halihusiani na kilimo, nikalikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Fafanua."

Kwa kuwa wewe ukumbini ulitaja mbolea za aina nyingi, na mke wangu ametaja mboji peke yake, niliamua kutafuta ukweli kwa jaribio. Nilizichomoa droo nne za meza yangu ya kazi, ambazo sisi wa zamani tunaziita watoto wa meza, nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, nikazijaza udongo na kuzipanga barazani kama mikondo ya darasa. Mkondo A ulipata udongo mtupu wa uani. Mkondo B, udongo na mboji ya mke wangu. Mkondo C, udongo na samadi kavu ya ng'ombe. Mkondo D, udongo na mbolea ya kuku, nusu kwa nusu. Kila mkondo ulipata mbegu kumi, na kila mbegu ilipata namba. Nikafungua daftari la mahudhurio.

Leo ni siku ya kumi. Hakuna hata moja iliyojitokeza. Mke wangu anarudi baada ya majuma manne. Nawasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio ufuatao:

1. Dhidi ya udongo wa uani (Mkondo A). Udongo huu umefagiwa kila asubuhi kwa miaka thelathini, kwa amri yangu, bila jani moja kuruhusiwa kulala juu yake. Nilitegemea shukrani. Badala yake, ukimwagiliwa asubuhi, adhuhuri umefunga ukoko mgumu kama sahani ya udongo. Maji ya jioni hutembea juu yake yakitafuta njia, yakaikosa, yakamwagikia viatu vyangu. Nilipoupasua ulitoka bonge moja, na ndani yake mbegu namba nne ilikuwa imekaa kama tofali lililojengewa ukutani. Ukumbini ulisema udongo wa namna hii una njaa, kwamba umenyimwa majani na mabaki kwa muda mrefu. Nimeishi nao miaka thelathini. Haujawahi kulalamika.

2. Dhidi ya mbolea ya kuku (Mkondo D). Niliichukua kwa mama mfuga kuku wa mtaa wa nyuma, ikiwa ya siku ile ile, kwani nimezoea kununua kila kitu kikiwa kibichi. Yule mama alinionya. Alisema, "Mwalimu, hii bado kali, itazipika mbegu zako. Irundike, uiache miezi mitatu." Nikamjibu kwamba nina majuma sita tu, na kwamba ukali haujawahi kumdhuru mwanafunzi. Ndugu Bwana Shamba, kufikia siku ya tatu ukipitisha kiganja juu ya droo ile unahisi joto, na harufu yake huingia puani kama sindano. Paka amehamia kwa jirani. Msomaji wa mita ya maji amekadiria matumizi yetu akiwa barabarani. Siku ya saba nilizikagua mbegu zote kumi, nikazikuta laini kama zilizochemshwa. Kidole gumba kilizama. Naishtaki mbolea hii kwa mauaji ya mbegu kumi. Mimi nilikuwa msimamizi tu.

3. Dhidi ya mboji (Mkondo B). Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa mboji hii ni ya nyumbani kwangu, imelishwa maganda na majani ya jiko langu kwa mwaka mzima, na ilipaswa kunitii. Kwanza, haifuati ratiba ya maji. Mkondo A ukikauka adhuhuri, Mkondo B huwa bado na unyevu hadi kesho yake, hata nisipoumwagilia, jambo linaloifanya kazi yangu ionekane si ya lazima. Pili, udongo wake haukai katika umbo ulilopewa. Ukiukandamiza kwa kiganja, unaumuka tena taratibu kama mkate. Tatu, umejaa nyungunyungu. Siku ya kwanza niliwatoa thelathini na mmoja, nikawapeleka nje ya geti. Kesho yake nikakuta wengine, wakipita huku na huko chini ya mbegu, wakichimba vijia bila ruhusa ya mtu. Darasa lenye wageni wengi namna hiyo haliwezi kusoma.

4. Dhidi ya mbegu zenyewe. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo ushahidi wangu ulipo. Tangu siku ya pili, kila siku saa moja kamili asubuhi, nimeita mahudhurio. Nazifukua mbegu zote arobaini, moja moja, kwa kijiko cha chai. Naitazama kila mbegu upande huu na upande ule, naifuta vumbi, naweka alama daftarini, kisha nairudisha mahali pake na kuikandamiza kwa kidole gumba ili isipate visingizio. Kazi hii huchukua saa mbili na robo. Sijakosa hata siku moja. Nakuuliza, ni mkulima gani katika kata hii anayezijua mbegu zake kwa namba?

Sasa sikiliza mbegu hizi zilichonilipa. Siku ya nane, katika Mkondo B, nilikuta mbegu nne zimepasuka midomo, na katika kila mdomo kumechungulia kimkia cheupe, laini, chenye ncha. Mkondo C nao ulikuwa na mbegu moja ya namna hiyo. Nikatambua mara moja kuwa ni funza. Nikachukua kisu changu cha kuchongea penseli, nikavikwangua vimikia vyote vitano, nikaziosha mbegu kwa maji safi na kuzirudisha. Nikaona pia kwamba zile sita zilizosalia za Mkondo B zimeanza kuvimba, dalili za wazi za ugonjwa ule ule, na nimezitia alama nyekundu ili nizishughulikie zikianza. Naomba ofisi yako inieleze ni kwa vipi mnapendekeza hadharani mboji inayoambukiza mbegu funza, tena kwa wingi na mapema kuliko mikondo mingine.

5. Dhidi ya fundi cherehani. Huyu ni jirani yangu. Cherehani yake ipo dirishani, na dirisha lake linatazama baraza yangu. Kila asubuhi nikifika kwenye Mkondo C yeye husimamisha mguu, cherehani hunyamaza, na sauti yake huruka ukuta: "Shikamoo Mwalimu! Leo wamehudhuria wangapi?" Nikimjibu kwamba wote wapo ila hakuna aliyenyoosha mkono, wateja wake hucheka hadi pini zinawadondoka. Juzi alivuka mpaka. Aliniuliza kama mimi ningekuwa nimelala, nikafukuliwa kila saa moja asubuhi nikageuzwageuzwa na kukandamizwa tena, ningeamka mzima. Nilimweleza kwamba ndivyo nilivyolelewa na baba yangu hasa, kila alfajiri, hadi nilipooa, na matokeo yake ndiyo haya anayoyaona. Alinitazama nilivyoinama, mkono mmoja kiunoni na kijiko mkono wa pili. Akasema, "Nayaona." Kisha akarudi kushona.

6. Dhidi ya simu za Jumapili. Mke wangu hupiga kila Jumapili saa kumi. Huanza na mjukuu, amenyonya vipi, amelala vipi. Kisha huuliza kama zimeota. Jumapili ya kwanza nilimjibu kwamba zinasimamiwa vizuri. Akaniuliza kama nimeondoka. Nikamwuliza niende wapi. Akashusha pumzi ndefu, nayo ikasikika vizuri kuliko maneno. Jumapili iliyopita sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema hataki kunisumbua, ila ameota ndoto yuko kwa mama yake na kopo liko tupu. Nilimwambia ndoto hazina maana. Ndugu Bwana Shamba, nimewaadhibu watoto wengi kwa kusema uongo, na wewe ukiwemo mara mbili, na sasa nina umri wa miaka sabini na mmoja, nimesimama kwenye korido yangu nikimwambia mke wangu "tusubiri tu" kwa sauti ya mtoto aliyevunja glasi. Kama ungekaa kimya ukumbini, hili lisingetokea.

7. Dhidi yako. Uliponiona mstari wa mbele ukumbini ulisema, "Na Mwalimu wangu yupo hapa, yeye anajua subira." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Sikujua kwamba unatoa somo.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo kabla mke wangu hajarudi.

Kwanza, nipatiwe hati yenye mhuri inayothibitisha kwamba udongo wa uani kwangu ulikuwa umekufa kabla sijaugusa, na kwamba alipofika mikononi mwangu marehemu alikuwa tayari baridi.

Pili, nyungunyungu wa kata wahesabiwe, na wale wasio na makazi maalumu wazuiwe kuingia katika droo za watu.

Tatu, mboji ipigwe marufuku mahali popote palipo na mstaafu.

Nne, fundi cherehani ageuziwe dirisha.

Tano, na hili ndilo la msingi: kwa kuwa hati peke yake haitatosha iwapo mke wangu atashuka garini na kuona maboga yametambaa juu ya nyua za majirani, naomba itangazwe kwamba boga ni zao lisiloweza kuota katika kata hii kwa sababu za kitaalamu, na wenye maboga wote, wapo tisa, nimewahesabu, wayang'oe ifikapo Ijumaa ya kuamkia siku ya kurudi kwake. Wafidiwe kwa vyovyote vile. Baba wa kanisani kona ya barabara ana boga kubwa kama kiti. Hilo lifunikwe kwa turubai kama haling'oleki.

Sita, ikiwa hatua ya tano itaonekana nzito, basi mwandikieni mke wangu barua kwamba mbegu za marehemu mama yake hazikuwahi kuwa za maboga. Nimelifikiria hili kwa siku mbili na sioni njia nyingine ya kuniokoa.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani anayepokea barua kwa mkono wa kushoto huku akinywa chai, mlinzi wa geti, yule dada wa mashine ya kuchapa, na mkuu wako, ambaye nilimfundisha pia na hajui matumizi ya mkato hadi leo. Wote wajue kuwa nawaombea mema, isipokuwa mahali nilipoeleza vinginevyo.

Ni mimi mwalimu wako, mwenye udongo,

Mwalimu Nukta (mstaafu)

Baada ya sahihi:

Barua hii haikufika kwako siku niliyoiandika. Niliinuka mezani kwenda kukagua Mkondo D mara ya mwisho, nikainama, na mgongo ukakataa kurudi. Fundi cherehani alinikuta barazani kwa mikono na magoti, uso ukitazama mbolea ya kuku, katika hali ambayo sitaieleza. Alinibeba mgongoni hadi kitandani. Daktari aliagiza nilale chali, nisiinuke, nisiiname. Siku tisa.

Nikiwa kitandani nilimkabidhi fundi kijiko cha chai na daftari la mahudhurio, nikamwagiza aendeleze ukaguzi bila kukosa. Kila asubuhi nilimsikia akimwagilia barazani. Kila asubuhi aliingia, akaniamkia, na kunionyesha daftari. Kila siku aliandika maneno mawili yale yale: "Wote wapo." Nikamsifu kwa bidii. Jana, nilipomwuliza kijiko kinavyomsumbua, alisema kijiko anakorogea chai yake tangu siku ya kwanza.

Leo nimeruhusiwa kuinuka. Nimetoka barazani nikishika ukuta.

Ndugu Bwana Shamba, barua yote iliyo juu naomba uisome kama haikuandikwa. Mkondo B, sita kati ya kumi zimesimama, mashina manene, majani mawili mawili yamefunguka kama viganja. Ni zile sita zilizovimba, nilizozitia alama nyekundu. Mkondo C, tano. Mkondo A, mbili, nyembamba, moja ikiwa imebeba kigae cha udongo kichwani kama mtu aliyetoka chini ya dari iliyoanguka. Mkondo D, hakuna, na sasa namwelewa mama mfuga kuku. Nimeimwaga yote pembeni ya ua na kuandika tarehe, ikae miezi mitatu kabla mtu hajaigusa. Nilipochukua udongo wa Mkondo B kidole kiliingia bila kusukuma, ukavunjika vipande vidogo vidogo kiganjani, na nyungunyungu mmoja akanipita juu ya kidole akiendelea na shughuli zake. Nimemwomba radhi. Wale thelathini na mmoja sijui niwaombe radhi wapi.

Nimeona pia kile kimkia cheupe. Mche mmoja uliegemea pembeni na mzizi wake ulikuwa wazi kidogo. Nimekaa chini kwa muda mrefu. Tano kati ya mbegu za mama mkwe wangu zilikuwa zimeshaamka, zikanyoosha mkono, nami nikaukata kwa kisu cha penseli na kuandika daftarini kuwa hazikuhudhuria.

Nimempigia mke wangu simu, ingawa leo si Jumapili. Nimemweleza yote, na kisu pia. Akauliza zimebaki ngapi. Nikasema kumi na tatu. Akasema mama yake alianza na tatu.

Kwa hiyo majirani wasing'oe kitu, na boga la kanisani liachwe. Kwenye ile bahasha ya maagizo nimelifuta lile "Fafanua" langu, nikaandika upya neno nililolikata. Na ile ripoti yako ya darasa la sita, kama bado unayo, tafadhali ilete ukija. Kuna sentensi moja inatakiwa kufutwa, na kalamu utashika wewe. Nilikuwa mwalimu wako kwa mwaka mmoja tu. Sasa naona kwamba ulianza kuota mwaka uliofuata.

Utaikuta miche barazani. Itazame kwa mbali. Mimi usinitafute hapo. Nimehamishia kiti changu upande wa pili wa nyumba. Nimeondoka, kama nilivyoagizwa.